Upanga Niliouogesha

Juzi kijana mmoja aliingia dukani kwangu na kitu kirefu ndani ya gunia la sukari. Nauza misumari, kufuli, bawaba na mabati, kwa hiyo vitu virefu ndani ya magunia havinishtui. Alichungulia mlangoni, akachungulia tena, kisha akafungua. Upanga.

"Mama, hii ni ya zamani sana," alisema. "Ya wakati wa pembe za tembo. Wazungu banatafuta kama hizi."

Akataja bei. Nilicheka, maana bei ya kwanza ni salamu tu, kisha nikachukua nusu ya ndimu iliyobaki kwenye sahani yangu ya samaki. Nikafuta mafuta kwenye upanga, nikausugua kwa ndimu kiasi cha shibiri moja, tukasubiri. Chuma kikageuka kijivu, kijivu kimoja kuanzia mgongoni hadi kwenye makali, kama anga la mawingu lisilo na nia ya kunyesha.

"Mwanangu," nikamwambia, "ni kweli hii imesafiri sana. Ilikuwa resoro, springi ya chini ya lori."

Akakunja gunia lake akaondoka. Hakurudi hata kushusha bei, jambo ambalo liliniuma kidogo. Lakini harufu ilibaki. Ndimu juu ya chuma: kali, yenye kutoa mate, na nyuma yake kitu kama kidole kilichokatwa kikanyonywa. Nilikaa nayo mchana wote, hata wateja wawili wakapata bei ambayo hawakuistahili.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Mama anasema tisa, Yaya Rejina, dada yangu mkubwa, anasema kumi, nami nimewasikiliza wote wawili mara mbili na hawapatani. Ilikuwa vita. Ninyi wa rika langu mliokulia Bunia hamhitaji kuelezwa. Mnakumbuka mji ulivyobadilisha mabwana, tukalala na askari wa huyu tukaamka na askari wa yule, na mnakumbuka kwamba kila mtoto alijua mlio wa bunduki wa mbali, ambao mtu anaendelea kufua nguo, na mlio wa karibu, ambao anaacha nguo zenyewe. Wengine wameyasema hayo kwa machozi, na wana haki. Mimi nataka kusema juu ya wakati niliojifunza kusoma chuma, kwa sababu, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Yaya Rejina alikuwa amepata mchumba. Aliitwa Musafiri, na alikuwa toleka, mmoja wa wale vijana waliosukuma baisikeli zenye vidumu vya mawese kutoka upande wa Mambasa, siku nyingi msituni, barabara ikiwa matope na vizuizi. Siku ya kwanza alisimama kwenye uzio wetu akaomba maji. Kikombe kimoja alikinywa muda wa kuiva maharage. Safari ya pili alikuwa na kiu zaidi. Safari ya tatu Mama alimwambia, "Baba, sema tu. Kisima kitakauka."

Wazee wakakaa. Ng'ombe wakatajwa, wakapunguzwa, wakaongezwa, wakakubaliwa. Tatizo lilikuwa kwamba ng'ombe anayetembea barabarani wakati ule angeliwa kwenye kizuizi cha kwanza, na mwenye ng'ombe angeulizwa maswali kwenye cha pili. Basi ng'ombe wetu walikuwepo kwa mdomo tu. Tonton Anselmi, mdogo wa baba yangu, ndiye aliyetusimamia, kwa kuwa Baba alikuwa Kisangani na barabara ilijifunga nyuma yake. Tonton hakuamini ng'ombe wa mdomo. Ikakubaliwa kwamba watu wa Musafiri watuachie kitu chao cha thamani, tukitunze mpaka siku barabara itakapowaruhusu ng'ombe kutembea. Siku hiyo ng'ombe wataingia na kitu kitarudi kwao. Kikipotea mikononi mwetu, posa imekufa.

Kitu chenyewe alikileta Muzee Shabani, mjomba wa Musafiri, kimefungwa kando ya fremu ya baisikeli chini ya vidumu vya mawese. Babu wa babu yao alitembea kutoka pwani na misafara ya pembe, akafika msituni, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Alichokuja nacho kikaliwa chote na mchwa na wajukuu, ukabaki upanga.

Mimi nilielewa hivi: upanga unaingia, Yaya anatoka. Siku upanga utakapotoka, Yaya atarudi. Hakuna aliyenieleza vingine, na kwa akili yangu hesabu ilikaa sawa. Yaya Rejina ndiye aliyenisuka, ndiye niliyelala naye kitanda kimoja, mguu wangu juu ya tumbo lake. Kwa hiyo kila jioni kwenye sala nilimwomba Mungu afungue barabara ya Mambasa ili ng'ombe wapite. Mama mmoja wa kanisani alinisikia, akalia. "Ona mutoto huyu," alisema, "anaombea amani ya inchi." Sikumrekebisha. Alinipa kikwanga, mkate wa muhogo.

Tonton Anselmi hakuuamini hata upanga. Aliupeleka kwa Fundi Bahati, nyuma ya nyumba yetu, Muzee Shabani akifuata nyuma amekunja uso, nami nikifuata nyuma ya Muzee.

Fundi Bahati alifua majembe na visu kwa resoro za magari yaliyochomwa. Vita, alisema, ilimletea chuma mpaka mlangoni na kumfukuzia wanunuzi mpaka Uganda. Alikuwa na masharubu aliyoyapenda kuliko watu wengi, na cheche ilikuwa imemchoma upande wa kushoto, kwa hiyo alizungumza na kila mtu akimpa upande wa kulia.

"Fundi, hii iko ya kweli ao ya kudanganya batu?" Tonton aliuliza.

"Kwani weye unaniuliza mimi? Ngoja iseme yenyewe."

Aliuning'iniza kwa kamba, akaugonga kwa msumari. Sauti ilikwenda, ikakwenda. Nilihesabu mpaka tisa kabla haijaisha. Akaugonga tena, nikapata tisa tena. Kisha akachukua tupa. Mgongoni mwa upanga tupa iliuma, ikatoa vumbi la chuma. Kwenye makali iliteleza kama kwenye kioo.

"Unaona? Mugongo laini, makali magumu. Ukifanya yote magumu, inavunjika kama sahani. Ukifanya yote laini, inapinda kama kijiko. Yule mutu alitia moto yote, lakini maji aliipa makali tu. Alikuwa fundi. Pengine kama mimi."

Akakata ndimu. Aliusugua ubapa wote taratibu, akaushika kivulini, nami nikasogea. Kwanza makali yakawa meusi peke yake, na mpaka wa weusi huo ulipanda na kushuka kama ukungu juu ya vilima asubuhi. Kisha mwilini, polepole, mistari ikaanza kuja. Myembamba, mingi, ikikimbia pamoja, ikiachana, ikirudiana, kama nywele za Yaya zikilowa maji kabla ya kusukwa.

"Mishipa," alisema Fundi. "Chuma ya zamani walikunja, wakapiga, wakakunja, wakapiga. Kila mukunjo iko pale. Resoro haina mishipa, resoro inatoka kiwandani, sura moja kama uji."

Katikati ya mishipa palikuwa na duara dogo, mistari ikilizunguka kama maji ya mto Nyamukau yanavyozunguka jiwe. Jicho. Nilipima kutoka kwenye mpini kwa mkono wangu: shibiri tatu na vidole viwili. Nilihesabu kwa Kifaransa kama shuleni, kisha kwa Kiswahili kama nyumbani. Zikipatana, ndiyo kweli.

"Shibiri tatu, vidole mbili," nilitangaza.

Fundi aliangua kicheko, akasahau akanionyesha upande ulioungua. "Huyu njo Kontrolè, mukaguzi! Muzee, weye ulijua upanga yako iko na jicho?"

Muzee Shabani alikuwa ameinama, pua karibu iguse chuma. "Miaka yote nimelala na hii chini ya godoro," alisema, "nayo ilikuwa inaniangalia."

Tangu siku hiyo nilihamia kwa Fundi. Shule ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo, kwa hiyo hakuna aliyenitafuta. Kazi yangu ilikuwa kuangalia rangi. Jembe likitoka kwenye maji limekuwa gumu mno, alisema, lazima lipashwe tena kidogo lisiwe na hasira. Alilisugua lipate kung'aa, akaliweka pembeni ya moto, na rangi zilianza kutembea juu ya chuma: rangi ya majani makavu, halafu chai isiyo na maziwa, halafu zambarau, halafu buluu ya sketi ya shule. Kwa kisu, toa kwenye majani makavu. Kwa jembe, ngoja zambarau. Ikifika buluu ya shule umechelewa. Nilikuwa nasimama mguu mmoja, nikipiga kelele "Chai! Chai! Zambarau, toa!" naye anatoa, mvuke unajaa uso, na mahindi tuliyoyaweka kwenye makaa yanaungua kwa sababu hakuna aliyekuwa akiangalia rangi ya mahindi. Tuliyala hivyo hivyo. Meno yangu yalikuwa meusi na nilikuwa mtu mwenye kazi.

Siku moja niliokota jembe zuri, nikalitupa katikati ya makaa nione rangi zote zikipita. Fundi alilitoa likiwa jekundu, akaliacha lipoe, akanipa tupa. Makali yaliyokuwa yakiteleza jana sasa yaliliwa kama muhogo.

"Chuma inakumbuka moto ya mwisho tu," alisema. Hakunigombeza. "Yote niliifundisha, imesahau. Na huyu ni jembe. Ingekuwa upanga ya muzee ule, ningelia."

Upanga wenyewe ulikuwa kwetu, ndani ya gunia la maharage, kwa sababu askari wakikuta upanga ndani ya nyumba wanataka kujua unasubiri nani. Mara mbili tulikimbia. Mara zote mbili Mama alibeba sufuria, Yaya akanibeba mimi mpaka nilipokuwa mzito, na Tonton akabeba maharage, akijikwaa na kulaani kama mtu aliyebeba maiti ya mwenye cheo. Mara zote mbili tulirudi tukakuta nyumba imesimama. Mara ya pili tulikuta Fundi Bahati amehama, amefunga mivukuto yake kwenye baisikeli akaenda upande wa Mahagi. Chuma chake chote kilikuwa kimechukuliwa. Ndimu tatu zilikuwa juu ya fuawe, zimekauka. Nilizihesabu, nikazihesabu tena, nikaenda nyumbani.

Kisha pakaja wiki za utulivu, na wazee wakasema: sasa ao hapana tena. Watu wa Musafiri waje wamchukue bibi-harusi, ng'ombe wafuate Mungu akipenda. Nyumba yetu ikaingia wazimu mzuri. Ukuta ukapakwa udongo mweupe. Kuku wakaanza kutazamwa kwa namna fulani. Yaya alisuguliwa miguu kwa jiwe, akapakwa mafuta, akasukwa. Tonton alioga mara mbili kwa siku moja. Hata mbwa alimwagiwa maji. Mimi nikaenda kwenye gunia la maharage na kumtazama aliyekuwa mgeni wetu miezi yote ile. Mweusi, ana madoa ya kutu ya unyevu wa mbegu, ananuka maharage. Watu wake wanakuja kesho na hakuna hata mmoja aliyefikiria kumwogesha.

Niliubeba mpaka kando ya kijito. Niliusugua kwa mchanga laini na majivu, upande mmoja, upande wa pili, na kwa kuwa nilikuwa mimi, nilirudia upande wa kwanza. Niliimba. Mikono ilipasuka. Jua lilipoanza kuinama upanga ulikuwa unang'aa kama kijiko kipya cha dukani, ningeweza kuona meno yangu. Nikaupaka mawese, kama Yaya, nikaurudisha ndani ya kitambaa chake. Nilijivunia kiasi kwamba sikulala.

Wageni walifika asubuhi, baisikeli saba, wamevaa mashati yaliyokunjwa vizuri safari nzima. Kabla ya chai, kabla ya salamu kuisha, Muzee Shabani alisema, "Kwanza tuamkie babu."

Tonton aliuleta mwenyewe, kwa mikono miwili. Muzee Shabani akafungua kitambaa. Jua likapiga ubapa likaruka likampiga usoni, akafumba macho. Alipoyafumbua hakuwa mtu yuleyule.

"Hii nini?"

"Upanga yenu, Muzee."

"Anselmi. Upanga yetu ilikuwa nyeusi. Ilikuwa na mishipa. Tuliiona wote, mimi na weye, kwa Fundi. Hii haina kitu. Hii iko kijiko." Sauti yake ilikuwa chini, ikabidi watu wasogee. "Mumeuzisha babu yetu, mukatutengenezea resoro."

Tonton aliuchukua, akaugeuza, akaugeuza tena, akatazama ndani ya kitambaa kama vile ule mwingine ulikuwa umejificha humo. Nilimwona akijaribu kukumbuka nani aliingia nyumbani mara zile mbili tulizokimbia. Mlangoni Yaya Rejina alikuwa amesimama na nusu ya kichwa imefungwa maua. Musafiri alimtazama Yaya, akamtazama mjomba wake, akatazama chini. Baisikeli ya mwisho ilikuwa haijafunguliwa mizigo, na mtu mmoja alianza kuikaza tena kamba.

"Ni mimi," nilisema. "Niliogesha."

"Nyamaza weye!" Mama alisema.

"Mutoto anafunika wakubwa yake," alisema Muzee Shabani, bila ubaya. "Ni vizuri. Lakini mishipa haifutwe na maji."

"Na mchanga. Na majivu."

Tonton alishika wazo kama mtu anayezama. "Kama iliogeshwa, basi tuipitishe ku moto! Itarudi nyeusi kama zamani!" Na tayari alikuwa anatembea kuelekea mafiga, ambapo sufuria kubwa ilikuwa inachemka na makaa yalikuwa mekundu kama ya Fundi.

Mnajua kuna kelele ambazo mtoto anazo moja tu maishani. Niliitumia pale. Nilimshika Tonton mguu, nikaning'inia. "Itasahau! Tonton, itasahau yote! Inakumbuka moto ya mwisho!"

Hakuna aliyeelewa, lakini alisimama, kwa sababu mtu hawezi kutembea vizuri na mtoto mguuni.

Nikainuka, nikajipangusa magoti. Niliona jambo moja wazi: Muzee Shabani alikuwa hajaondoka. Mtu ambaye hajaondoka bado ananunua.

"Muzee," nilisema, "nikirudisha mishipa, unakubali iko yenu?"

"Mishipa tu mafundi banaweza kuchora. Banadanganya."

"Na jicho? Jicho iko shibiri tatu na vidole mbili kutoka mpini. Shibiri ya mimi. Nasema mbele ya batu, kabla haijaonekana."

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Nadhani alikumbuka kile kitoto cha kwa Fundi.

"Na nikiona jicho pale, unataka nini?"

Hapo Mama alifunika uso kwa kitenge.

"Harusi leo. Na firigisi."

Kicheko kilimtoka mtu mmoja nyuma. Kwetu firigisi ya kuku hailiwi na mwanamke, seuze msichana. Ni ya mwanaume aliyeheshimiwa kuliko wote, na siku ile ilikuwa ya Muzee Shabani bila ubishi. Alijipapasa kidevu.

"Nusu."

"Yote."

"Mama wa huyu mutoto," alisema Muzee Shabani, "mulimuzaa sokoni?" Kisha akakaa. "Sawa. Yote."

Ndimu za nyumba nzima zilikuwa nne, za samaki walioletwa kutoka ziwani. Nilizichukua zote. Nikakata ya kwanza nikasugua, na maji ya ndimu yakajikusanya matone matone yakateleza chini, kama mvua kwenye jani la ndizi. Hakuna kilichokuja. Nikakata ya pili. Hakuna. Upanga ulinirudishia uso wangu mwenyewe, mdomo wazi. Mtu wa baisikeli ya mwisho akakaza fundo la pili. Nilianza kufikiri kwamba labda Fundi alidanganya, labda mishipa ilikuwa ngozi tu na mimi niliichuna, na Yaya ataolewa na mtu mwingine mwenye kiu ndogo.

Kisha nikaona vidole vyangu vina rangi ya chungwa. Mawese. Nilikuwa nimempaka mafuta kama bibi-harusi.

"Maji ya moto! Na majivu!"

Aliyeyaleta alikuwa Yaya mwenyewe, kichwa chake nusu maua, mafuta ya miguu yakiokota vumbi la uwanja. Tuliusugua pamoja, yeye upande wake mimi wangu, tukausuuza mpaka maji yakalala juu ya chuma bila kukimbia. Nikakata ndimu ya tatu. Nikasugua kutoka mpini hadi ncha. Nikautia kivulini mwa ukuta, watu wote wakanifuata kivulini, wakasukumana.

Makali yalitangulia, kama siku ile. Ukungu wa vilima. Kisha mwilini uzi mmoja. Kisha mtu alisema "Yesu," na uzi ukawa nyuzi, zikija kutoka ndani kama watu wanavyotoka majumbani baada ya risasi kunyamaza, mmoja, wawili, halafu barabara nzima. Niliweka mkono wangu kwenye mpini. Shibiri moja. Mbili. Tatu. Kidole, kidole. Chini ya ukucha wangu, likiwa bado hafifu, jicho lilikuwa linafumbuka.

Nilirudisha mkono kwenye mpini ili nihesabu tena.

"Tosha, Kontrolè!" Muzee Shabani alipiga kelele. "Tosha! Ni yeye!" Na akaubusu, ndimu na yote, akakunja uso kwa ukali wake, na uwanja mzima ukacheka mpaka mbwa akakimbia. Mama alikuwa analia na kucheka na kuuliza ni nani atakayelipia ndimu za samaki. Samaki walikuwa wanne na ndimu imebaki moja. Wageni walisema hawajala samaki watamu kama wale, na nina hakika mmoja wao alisema kweli.

Firigisi niliila mbele ya wanaume wote, nimekaa kwenye kigoda. Ilikuwa ngumu. Niliitafuna polepole nisije nikaonekana nimepunjwa.

Yaya aliondoka juu ya baisikeli iliyopambwa maua, nami sikulia, maana nilikuwa na upanga.

Ng'ombe walikuja baada ya vita kutulia. Nilikuwa nimerefuka, shibiri tatu na vidole viwili zilikuwa zimebaki mbili na nusu. Niliwahesabu ng'ombe wakiingia, nikawahesabu wakinywa maji. Watu wao wakaupokea upanga, na Yaya Rejina alikuwepo, ana mtoto mgongoni, na moyo wangu ulisema: basi, leo. Nilikuwa nimemtandikia kitanda. Jioni alifunga mtoto vizuri, akachukua upanga mwenyewe, akaushika kama kuni.

"Yaya, unaenda wapi? Upanga umetoka."

Aliona kitanda kupitia mlangoni, mito miwili. Akaelewa, miaka yote ile kwa mara moja, na akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanikalisha juu ya goti lake ingawa nilikuwa mzito. Alinisuka mistari yote upya, mpaka wenye baisikeli wakachoka kumwita, na hakunieleza kitu. Asubuhi nilihesabu vichwa nyumbani. Walikuwa wameondoka, yeye na upanga, wote wawili. Nilihesabu tena.

Jana, kwa sababu ya ile harufu, nilimpigia simu Mambasa. Nilimweleza habari za kijana wa gunia. Alicheka.

"Ni Mungu amekutuma," alisema. "Binti yangu amepata mutu. Jamaa wa huyo mutu banataka kuona upanga kwanza, na batoto wa huku banasema ni resoro. Uje."

"Nani amekuwa akiutunza?"

"Mimi. Nimeipaka mawese kila mwezi."

"Yaya."

"Najua, najua. Majivu iko. Uje na ndimu."

"Nne," nilisema. "Na firigisi?"

"Shemeji yako anataka mugawane nusu."

"Mwambie yote," nilisema, nikaenda kupima nauli ya pikipiki kwa madereva wawili tofauti.